Mama Loweka na Shati la Kaka Yake

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za vyombo, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka dobi. Jina lake wengi hatukulijua. Sote tulimwita Mama Loweka, yule wa kibanda cha kona chenye mabeseni ya bluu.

Umpelekee nguo mbio mbio, una sherehe jioni, jibu lake lilikuwa lile lile: "Tuloweke kwanza." Hata ungelia. Mara moja tu alikubali kuharakishwa, na aliyemharakisha ni kaka yake. Shati jeupe, tone la mchuzi kifuani. Akalisugua hapo hapo. Doa likaenea mpaka kwapani! Kaka mtu alinuna wiki nzima.

Basi siku moja, wakianika shuka, binti yake akamkazia macho. "Mama, mbona macho yako ya njano?" Hospitali wakakuta saratani ya mirija ya nyongo. Narudia: mirija ya nyongo. Uvimbe uliweza kukatwa. Lakini daktari akashauri aanze na dawa za saratani, ndipo apasuliwe.

Kaka akaja juu. "Uvimbe unatoka, halafu mnauacha? Mwizi yumo ndani, sisi tunamchemshia chai?"

Mama Loweka akamgeukia taratibu. "Kaka, lile shati lako linaendeleaje?"

Binti anasema walicheka wote, daktari naye. Ila daktari hakuwaficha. "Mwili si shati, mama. Dawa inaweza kuupunguza uvimbe. Inaweza pia isifue dafu, na sisi tukachelewa. Kwa saratani hii bado tunachunguza njia hii inamfaa nani."

Kicheko kikaisha. "Naogopa," akasema Mama Loweka. "Ila tuloweke kwanza."

Dawa zilimtesa, wapendwa. Vidole vilikufa ganzi, maji baridi yakawa yanamchoma. Dobi asiyeweza kushika maji! Kaka akaja kumfulia nguo za wateja, dada mtu kaketi pembeni anamsimanga: "Sugua kola, baba, siyo beseni." Uvimbe ukanywea. Akapasuliwa. Narudia: dawa kwanza, kisha upasuaji. Akarudi kibandani, akamwoza binti yake, akampakata mjukuu. Halafu ugonjwa ukarudi, na safari hii haukukatika. Ametutoka Jumapili.

Mazikoni nilimkuta kaka yake amevaa shati jeupe lenye doa hadi kwapani. Nikamuuliza.

"Kila mara alitaka kulijaribu tena hili doa," akasema. "Tangu alipougua nikawa namnyima. Nilitaka abaki na kazi ambayo hajaimaliza."

Binti, poleni sana wewe na mwanao. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki, tukiona macho ya mwenzetu yamegeuka njano, tumpeleke hospitali. Na mgonjwa akisema anaogopa, tusimkimbize, tukae naye.

Nawe kaka mtu, pole. Hilo shati usimpe dobi yeyote.