Mzee Spea na Pikapu ya Mkewe

Baada ya miaka thelathini na moja katika karakana ya idara ya maji, fundi mkuu wetu wa mitambo anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Wahasibu wanalijua jina lake kamili. Sisi wengine tunamwita Mzee Spea.

Alianza kwa kuosha vipuri, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu. Mvua kubwa ilipozamisha kituo cha pampu, ni yeye aliyeingia kwenye maji ya kifuani na kuirudisha mashine kazini kabla mabomba ya mji hayajakauka. Habari hiyo hakupenda kuisimulia. Alichopenda kusimulia ni pikapu yake.

Aliikuta imetelekezwa nyuma ya kiwanda cha mbao, haina injini, kuku wametaga ndani. Mshahara haukuruhusu vipuri vipya, basi akaijenga kwa mabaki: mlango mmoja wa bluu, mwingine wa kijani, na taa mbili zisizofanana zilizoifanya ionekane inakonyeza. Mkewe, fundi cherehani, alishona viti kwa turubai kuukuu. Walipanga akistaafu wazunguke nayo, mzee akiendesha, mama akimwambia apunguze mwendo.

Mwaka jana mama akaugua figo. Mzee Spea akataka kuuza injini aliyoipata kwa taabu, alipie matibabu. Tulipokwenda kumjulia hali, mama alimkatalia mbele yetu: "Ukiuza, mimi nitapanda nini?" Tulicheka sote, naye akacheka. Mwezi uliofuata mama alifariki, na pikapu ilikuwa haijawahi kuwaka.

Idara ilitoa gari la kubebea jeneza. Mzee akasema, "Nashukuru sana, lakini mama watoto ana gari lake." Asubuhi ya mazishi tulikwenda kwake, karakana nzima, tukafunga vipuri vilivyobaki. Pikapu iliwaka adhuhuri, ikatoa moshi mweusi. Hakuna aliyeshangilia. Aliendesha mwenyewe, polepole, jeneza likiwa nyuma na kiti cha pembeni kitupu, akisimama njiani kuongeza maji kwenye rejeta iliyovuja. Kila aliposimama, msafara mzima ulizima injini ukamsubiri.

Tangu hapo kazi yake haijapungua, ila maneno yamepungua. Wiki iliyopita tulimuuliza atafanya nini akistaafu. Alifuta mikono, akasema, "Mchana nitaumudu. Asubuhi ndiyo naiogopa, kuamka na kupika chai ya mtu mmoja."

Mzee wetu, ahsante kwa mashine ulizozifufua na kwa mafundi uliowafunza bila kuwatukana. Lango la karakana hufunguliwa mapema; pita unywe chai nasi. Tunakutakia afya njema, na asubuhi zilizo nyepesi kuliko hizi.