Chevelle Iliyoombewa

Ndani ya basi la mtaa wa Alief, kijana aliyejiita Kigen hakutulia kitini. Alikuwa akimsimulia Mkongomani aliyeketi naye, Wilondja, habari za gari lake kuukuu, Chevelle ya mwaka sabini. "Ina injini ya Hemi, ya kutoka kiwandani! Nimeuza Camry ya mke wangu ili niinunue. Ikiwaka tu, utaisikia."

"Ndugu, Hemi ni ya Charger na Barracuda, magari ya kampuni nyingine. Chevelle walitia injini ya LS6, nayo ni adimu. Ulifungua boneti?"

"Pastor aliipaka mafuta, tukaomba."

"Aliyapaka wapi?"

"Juu ya boneti."

Kanisa zima, yaelekea, lilifumba macho.

Basi likasimama. Akapanda mwanamke mwenye sare ya unesi, akamshika Kigen bega, akamwambia Wilondja kwa fahari: "Mume wangu amekwambia tuna Hemi?"