Sentensi ya Twaiba

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi, Mwalimu Mkuu Bi Mumbe, walimu wenzangu, wazazi wa Msambweni, nanyi wanafunzi mliokaa juani kwa ajili ya kuniaga: Assalaam alaikum, na msiokuwa Waislamu, hamjambo.

Cheti mlichonipa kina neno la Kiingereza, "appreciate", ambalo nimelifundisha hapa miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa nikiwaambia: si kushukuru tu, ni kuijua thamani ya mtu, naye akajua kwamba umeijua. Bi Mumbe amesema hakuna aliyelieleza vizuri kunishinda. Ni kweli, na hiyo ndiyo aibu yangu leo.

Wengi mlinisaidia kumzika mke wangu, Twaiba, mwezi wa Rajabu. Twaiba hakuwahi kusoma utotoni. Nilipofungua darasa la watu wazima pale madrasa, yeye ndiye aliyekuja wa kwanza, daftari lake amelifunika kwa gazeti. Siku ya neno hili, kila mama aliandika sentensi. Twaiba aliandika kwa Kiingereza kwamba ananithamini, kwa kuwa sijamwacha peke yake hata siku moja mtoto anapougua. Akaileta mbele ya wenzake, akasimama kungoja.

Nikafanya nini, waungwana? Nikatoa kalamu nyekundu! Nikasahihisha makosa matano, nikaandika "Jitahidi", nikamrudishia.

"Haya, mwalimu," akasema.

Miaka yote hadi siku ile alikuwa akiniita Baba Ummi, kwa jina la binti yetu. Jioni ile nilikuta chakula changu chini ya kawa kama kawaida, nikala, nikaendelea kusahihisha madaftari. Darasani hakurudi tena. Nilipomuuliza, alijibu, "Kazi ni nyingi, mwalimu." Nikaona ni kazi kweli.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili ya kumjibu. Je, ni shughuli gani iliyonizuia? Siku yake ya mwisho hospitalini nilikaa naye tangu asubuhi, mkono wake mkononi mwangu, neno liko mdomoni. Nikamuuliza kama amemeza dawa.

Cheti nimekipokea kwa heshima yenu. Kukitundika sitaweza, nyumbani hakuna wa kunitazama nikikitundika, na kesho sina pa kwenda ila humo humo.

Wanafunzi wangu, nisameheni. Maana ya neno hili niliwafundisha sawasawa. Matumizi yake sikuyajua.

Ahsanteni kwa kunivumilia.