Mhariri Aliyetutoa Jasho Herufi kwa Herufi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, mhariri mwandamizi wa vitabu vya marejeo ataiweka kalamu yake nyekundu mezani na kwenda nyumbani. Wengi wetu tunamwita Bi Nukta, na yeye anajua. Jina hilo alipewa na wapiga chapa zamani sana, kwa sababu aliweza kuiona nukta iliyokosekana katika ukurasa akiwa bado mlangoni, hata kikombe cha chai hajakitua.

Alianza kazi kama mpiga taipu katika kile chumba kidogo kando ya ngazi ambacho leo tunahifadhia ndoo na fagio. Kutoka hapo akawa msahihishaji wa prufu, yaani kurasa za majaribio, kisha mhariri. Amepitisha mwongozo wa ufugaji wa nyuki, kitabu cha ushonaji na kile cha huduma ya kwanza ambacho mpaka sasa kinatulipia umeme. Waandishi walimwogopa, halafu wakamzoea, halafu wakawa hawataki kuhaririwa na mtu mwingine. Mmoja alikuwa akimlalamikia kila mwaka kwamba amemkatia sura nzima, na kila mwaka akamletea mswada mpya.

Lakini kazi atakayokumbukwa nayo ni kitabu cha michezo ya dunia, kilichopangwa kwa alfabeti, kuanzia ile inayojaza viwanja hadi ile ambayo mtu ukimtajia anadhani unamtania. Siku ya kwanza ya kazi hiyo alituita sote, akatoa sharti moja: hakuna mchezo utakaoingia kitabuni kabla ya mtu wa ofisi hii kuutolea jasho, na mhariri atakuwa wa kwanza kuingia uwanjani. Tena herufi zitafuatana, hakuna kuruka. Tukacheka. Ijumaa iliyofuata, saa kumi jioni, mkurugenzi wetu alikuwa chali juu ya zulia la mapokezi, ametupwa hapo kwa adabu zote na Bi Nukta mwenyewe. Ilikuwa herufi A, mchezo wa aikido. Hakuna aliyecheka tena.

Tangu hapo Ijumaa zikawa zake. Stoo ya karatasi ya chini, ile yenye sakafu laini, ikageuka uwanja. Kwenye kabadi, ambapo mchezaji huvamia upande wa wapinzani kwa pumzi moja huku akilitaja jina la mchezo bila kukoma, mhasibu wetu alitushangaza wote kwa kifua chake; tangu siku hiyo hatubishani naye tena kuhusu posho, tunajua hatachoka kusema. Mchezo wa kurlingi unataka barafu, nasi barafu yetu yote iko kwenye jokofu la jikoni. Tukaupiga ukumbi nta, tukasukuma birika zito badala ya jiwe, na wawili wakatangulia mbele yake wakifagia kwa nguvu kama inavyotakiwa. Birika lilipita mlango wa idara ya masoko bila kupunguza mwendo. Bi Nukta aliandika pembeni ya mswada: "Umejaribiwa. Mlango utengenezwe."

Kandanda ilimletea ugomvi. Vijana wa mauzo walidai kurasa kumi, yeye akatoa mbili, sawa na kila mchezo. Alisema kandanda haihitaji kutambulishwa kwa mtu, ila korfboli, ambayo wanawake na wanaume huicheza katika timu moja, nani ataisemea? Wakanuna wiki nzima. Kwenye mbio za kubeba mke, fundi wa mtambo alimbeba mkewe, ambaye ndiye mtunza stoo wetu, kichwa kikielekea chini kama wafanyavyo mabingwa. Walimaliza wa pili. Mama huyo aliteremka akalalamika kwamba mumewe hubeba mabunda ya karatasi kwa uangalifu zaidi. Malalamiko hayo yapo kitabuni, chini ya kichwa cha mambo ya kuzingatia.

Tulikuwa tumefika herufi V wakati sukari, ambayo Bi Nukta alikuwa akipambana nayo kimyakimya, ilipomlaza hospitalini. Alirudi kazini baada ya miezi kadhaa, mguu wake wa kushoto umekatwa chini ya goti. Tulitaka kumhamishia ofisi ya chini. Akakataa. Akawa anapanda ngazi kila asubuhi na mguu wa bandia na magongo yake mawili, taratibu, na ole wake aliyemnyooshea mkono. Mumewe, fundi seremala, mtu mpole sana, alitunong'oneza kwamba hata nyumbani ni hivyohivyo, tusijisumbue. Basi tukawa tunasimama mbele ya ubao wa matangazo hadi afike juu salama. Mimi nililisoma tangazo la kukatika kwa maji mpaka nikalijua kwa moyo, na maji yalisharudi zamani.

Mchezo uliokuwa ukisubiri katika V ulikuwa voliboli ya kukaa. Wachezaji hukaa sakafuni, wavu ukiwa chini, na wengi wanaoucheza ulimwenguni ni watu waliopoteza kiungo. Sisi tulidhani ni bahati njema. Tulikosea. Alikwenda kwa mkurugenzi akamwambia kwamba yeye anaishia hapo, herufi zilizobaki apewe mwingine. Kwangu mimi, ninayempangia kurasa kwa muda wote huu, alisema wazi zaidi: "Sitaki kukalishwa chini ili mnionee huruma." Miaka kumi na mmoja ya kazi, na alikuwa tayari kuiacha mlangoni ikiwa imebakiza kidogo, kisha aondoke kimya kama mtu aliyeshindwa. Iliniuma, na najua ilimuuma yeye zaidi.

Kitabu kilikuwa na tarehe ya kupelekwa mtamboni, kwa hiyo Ijumaa moja tulishuka kucheza bila yeye. Yeye alibaki juu, kwenye kile kidirisha cha ngazini kinachotazama stoo. Tulicheza vibaya mno. Kanuni ya mchezo ule ni kwamba mtu akigusa mpira, makalio yake yasiachane na sakafu, na sisi tulikuwa tukiruka kama mahindi kwenye kikaango. Mkurugenzi alifunga pointi tatu akiwa amepiga magoti. Tulikuwa tunajipongeza tuliposikia gongo likigonga kioo. Halafu sauti: "Makalio chini!"

Aliteremka. Alijikalia juu ya bunda la karatasi akajipa urefa bila kuombwa, na kuanzia hapo hakuna pointi iliyohesabiwa. Kosa, kosa, kosa tena. Anayemjua anaelewa: Bi Nukta anaweza kukivumilia kidonda, lakini kosa likipita mbele ya macho yake hawezi. Mwishowe mkurugenzi, jasho likimtiririka, akasema kwa hasira kwamba kanuni hiyo haichezeki, aliyeiandika hajawahi kukaa chini.

Maneno ya kanuni ile mswadani aliyaandika Bi Nukta mwenyewe. Alimtazama mkurugenzi, akatazama wavu. Kisha akaweka magongo kando, akakunja gauni hadi gotini, akafungua mguu wa bandia na kumkabidhi dada wa mapokezi kama anavyomkabidhi mkoba wake kila siku. Hatukuwa tumeuona mguu ule uliokatwa kabla ya siku hiyo, na hatukujua tuangalie wapi. Yeye hakuwa na habari nasi. Alijishusha polepole, akajisogeza kwa mikono hadi nafasi ya mbele, akauliza tunangoja nini.

Nisingependa kutia chumvi katika wasifu wa mhariri. Hakucheza vizuri. Mpira wa kwanza ulimpiga kwenye paji la uso, wa pili akaupeleka kwenye rafu za bahasha, na timu yake, ambayo ilikuwa yangu pia, ilifungwa. Lakini makalio yake hayakuinuka hata mara moja, na alimfokea mkurugenzi jinsi alivyokuwa akimfokea siku zote. Ndipo nasi tukasahau kumhurumia, tukaanza kumpigia mipira ya kweli, mikali, na alipourudisha mmoja juu ya wavu ukamtoka mhasibu mikononi, alicheka kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu alazwe.

Mchezo ulipokwisha tuliinuka, tukajipangusa vumbi, kisha tukasimama. Yeye alikuwa bado sakafuni. Hakuna aliyethubutu kumsogelea, tulishafundishwa. Akatutazama mmoja mmoja, akanyoosha mikono yote miwili juu, akasema: "Haya, niinueni." Tulimkimbilia wote kwa pamoja, karibu tumwangushe.

Jumatatu alikuwa mezani kwake mapema. Akamaliza V, akaenda W akatuvunja viuno kwa wushu, yale mapigano ya Kichina, akafika Z kabla ya tarehe ya mtambo. Kitabu kimetoka mwezi huu.

Bi Nukta, tunakushukuru kwa makosa yote uliyotuondolea, kurasani na kwingineko. Mlinde mzee wetu fundi seremala, kula kwa wakati, na sukari uidhibiti kama ulivyotudhibiti sisi. Uwe na siku ndefu, njema na zenye furaha nyumbani kwako. Na ikitokea siku umekaa chini na kuinuka kumekuwa kugumu, usione haya kutuita. Tutakuja wote.