Moto Usioonekana Juani

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wa jumuiya, poleni na jua. Mmeniomba niseme shida niliyopitia, na nitasema, ila sitataja jina la mtu. Wengine mmo humu humu na mnajijua. Msiinamishe vichwa, sikuja kuchongea.

Mabinti mlioolewa juzi hamkuiona ile miaka. Sabuni haipatikani, mafuta ya taa ndiyo usiseme. Ndipo watafiti wakaja kwenye lile ghala tupu la pamba: Mzungu mmoja mrefu, Mhindi kutoka India kwenyewe, na mwalimu wa kike wa Chuo Kikuu kutoka Dar es Salaam. Nchi tatu, kazi moja. Waliweka vioo vya kunasa jua juu ya bati, umeme wake wakaupitisha kwenye maji, maji yakatoa mapovu. Hewa ya mapovu yale, haidrojeni, wakaikusanya kwenye pipa. Ukiiwasha, inawaka. Walitaka mtu wa kuijaribu kwa ugali wetu, nami mjane nikakubali mbio.

Ndugu zangu, nawaambia, nililipenda lile jiko! Maisha yangu yote nimepikia mavi ya ng'ombe, maana miti tuliimaliza, na moshi wake mnaujua. Pale hakuna moshi hata kidogo.

Siku moja wakasema tuwaonyeshe wanakijiji. Jiko likawekwa uwanjani, mchana kweupe. Sasa, moto wa hewa ile juani hauonekani. Kwa wataalamu hiyo ilikuwa sifa. Watu wetu waliona mama mjane anasonga ugali, sufuria inatokota, na chini yake hakuna moto. Nikasikia mzee mmoja anauliza, "Huyu anapikia nini?" Hakuna aliyeonja. Mimi nikacheka, sikujua ninachochekea.

Haikupita muda, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, waliyokuwa wanatia kwenye maji, ikanirukia machoni. Macho yakabaki mekundu, na mwanamke mwenye macho mekundu kwetu mnajua anaitwaje: mchawi. Wataalamu nao muda wao ukaisha, wakafunga ghala, wakaondoka. Ng'ombe wakaanza kufa. Wazee wakakaa kikao, nikatengwa.

Kwa mila yetu aliyetengwa hapewi moto wala haombwi moto. Nikifika kisimani, wenzangu wanajitwika ndoo hazijajaa, wanaondoka. Mjukuu wangu mchanga akafariki. Kaburi tulichimba mimi na mama yake, hakuja mtu. Jamani, niliumia. Nilimlaumu Mungu kwa sauti, na sioni haya kusema. Na hofu ya mapanga ilikuwa hainiachi, maana wanawake wa vijiji vya jirani walikuwa wameshakatwa.

Nikafunga mzigo, niende Geita kwa kaka yangu aliyekuwa anachimba dhahabu. Asubuhi ile nafunga kamba, namwona mama mkwe wangu anakuja. Amepita kaya zote, watu wanamwangalia, mkononi ana kigae cha kubebea makaa.

"Mwanangu, moto wangu umezimika. Nimekuja kuomba."

"Mayu, mama yangu, watakutenga na wewe."

"Wanitenge. Tangu mwanangu akuoe nakula ugali wako. Leo ndiyo utaniua?"

Akaketi pale pale langoni, akaomba kiporo, akala mbele ya macho ya watu. Ndugu zangu, nililia kama mtoto, halafu nikafungua mzigo.

Habari zikamfikia yule mwalimu, akaja kwa treni. Akafungua ghala, akawasha jiko ndani, kivulini, akamwambia mama mkwe anyunyize chumvi. Moto ukawa wa njano, kila mtu akauona. Mwalimu akasema, "Sisi watatu tuliona kukosa moshi kunatosha. Hatukuwauliza nyinyi mnaogopa nini." Yule mzee wa siku ile akasogeza kiganja, akakirudisha haraka, akasema, "Kumbe unaunguza." Baada ya siku hizo nikatolewa kwenye kutengwa. Jiko halikuendelea, vipuri havikuja tena, na macho yangu ndiyo haya mnayoyaona.

Namshukuru mwalimu yule kwa kurudi, maana wengi hawarudi. Namshukuru mama mkwe, Mungu amlaze pema. Ninachowaambia ni hiki: maelezo ya moto yalisaidia, lakini kama mayu asingekuja kwanza, mwalimu angekuta nyumba tupu au kaburi langu.

Sasa nimalizie. Kuna mama mmoja wa jumuiya hii hajaja leo. Jumapili iliyopita pia hakuja. Mnajua anakaa wapi, na mnajua kwa nini amejifungia. Mimi nikitoka hapa naenda kwake, nitakaa langoni nile atakachonipa. Njia ni ndefu kwa macho yangu haya. Nani atanishika mkono?