Vishimo Vinane vya Épiphanie Gahongayire

Tarehe 30 Septemba 2025, Épiphanie Gahongayire anastaafu baada ya kufanya kazi miaka ishirini na minane na miezi minane katika maabara ya kingamwili ya Kituo chetu hapa Kicukiro, Kigali. Aliajiriwa tarehe 3 Februari 1997. Anaondoka akiwa fundi wa maabara daraja la pili, daraja lile lile alilopewa mwaka 2001. Msomaji anayejiuliza kwa nini mtu hodari kiasi hiki hakupanda hata ngazi moja kwa miaka ishirini na minne, jibu ni mimi niliyeombwa kuandika wasifu huu.

Mkurugenzi wetu, Dkt. Jean-Bosco Sangwa, alinipigia simu mwezi uliopita. Alisema, "Mzee Mutsinzi, wewe ndiwe uliyemfundisha kazi. Andika kitu chepesi, cha kuchekesha. Mama Épiphanie anapenda kucheka." Nitajaribu kumtii mkurugenzi kadiri ninavyoweza, kwa sababu mambo ya kuchekesha yapo. Lakini nina miaka themanini na moja, moyo wangu umechoka, na daktari ameacha kuniambia tutaonana mwaka ujao. Nikiandika ya kuchekesha tu nitakuwa nimedanganya kwa mara ya mwisho.

Épiphanie alizaliwa na kukulia Buyenzi, Bujumbura, na alifika Kigali akiwa na cheti cha ufundi wa maabara, watoto wawili na sanduku moja. Mwaka ule wafanyakazi wa maabara tulikuwa saba, kila mmoja ametokea upande wake. Waliosoma Burundi waliandika Kifaransa, waliotoka Uganda waliandika Kiingereza, na mimi niliyesomea Dar es Salaam nilizisahihisha zote mbili na kuwakasirisha wote. Ni yeye aliyemaliza ugomvi. "Basi tuandike ile ya sokoni," alisema, "kila mtu anajua kununua nyanya." Tangu siku hiyo daftari za maabara yetu zimeandikwa Kiswahili, na jarida hili la Kituo nalo likafuata. Wageni kutoka Ulaya walishangaa. Sisi tulielewana.

Wanafunzi waliopita mikononi mwake wanamkumbuka kwa ulimi wake. Aliyeshika vibaya bomba la kupimia alisikia, "We bwana, hicho si kijiko cha uji!" Aliyechelewa kulisha seli aliambiwa akaziombe radhi, na asimame hapo mpaka ziseme zimemsamehe. Mwenyewe alizungumza nazo kila asubuhi akifungua kabati la joto: "Mumeamka? Mumekula?" Hakugusa chai kabla seli hazijalishwa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mji mzima unapotoka kufanya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa, na barabara zikatulia, alikuwa akipanda pikipiki ya abiria kutoka kwake Kimisagara saa kumi na mbili asubuhi ili awe ndani kabla ya saa mbili, kwa sababu, kama alivyosema, seli hazijui umuganda. Alikuwa na ruhusa ya kiongozi wa mtaa wake, na Jumapili alifagia mtaro wao peke yake kulipia.

Hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Kwa wasiofanya kazi yetu, nieleze kidogo. Kingamwili, zile silaha ambazo damu hutengeneza dhidi ya ugonjwa, hutoka kwenye seli tunazoziita B. Lakini seli B mara nyingi husubiri kuelekezwa na jamaa zao, seli T, ambazo hutoa vitu fulani kwenye majimaji yanayozizunguka. Vitu hivyo vingine huchochea, vingine hutuliza. Mwaka 2008 tulitaka kujua kwa nini watoto waliotoka kuugua malaria hawaitikii chanjo vizuri. Tuliweka seli za damu kwenye sahani yenye vishimo vidogo, tukazitia chanjo, tukazilisha, kisha tukapima. Palipokuwa na kingamwili, maji yaligeuka njano. Pasipokuwa nazo, yalibaki meupe.

Jumamosi ya umuganda ya mwezi Mei mwaka huo, Épiphanie alikuta chupa ya chakula cha seli imeingia ukungu. Ilikuwa moja tu. Nyingine zilikuwa stoo ya mjini, na hakuna gari ambalo lingetembea kabla ya saa tano. Vishimo vinane vilikuwa karibu kukauka. Kwenye jokofu palikuwa na majimaji aliyoyakusanya kutoka juu ya seli T za watoto waliotoka kupona malaria, ambayo kwa amri yangu yalipaswa kumwagwa kila Ijumaa. Yeye hakuyamwaga. Mtu aliyelea watoto kwa mshahara wa fundi hamwagi kitu kabla hajajua hakina kazi. Akavilisha vishimo vinane majimaji hayo, akaandika kwenye daftari alichofanya, saa aliyofanya na sababu yake.

Siku ya kupima, sahani nzima iligeuka njano isipokuwa vishimo vinane.

Nilimwita mbele ya wanafunzi sita. Nikamwambia, "Épiphanie, umesahau kuweka chanjo."

"Sikusahau, Muzee. Soma daftari."

"Sihitaji daftari kuona maji meupe."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema, mimi niliyefundisha miaka thelathini kwamba mtafiti husoma kwanza ndipo ahukumu. Kesho yake nilimwandikia barua ya onyo, ikaingia kwenye faili lake: kwamba kwa uzembe alisahau kuweka chanjo katika vishimo vinane na kuharibu matokeo ya wiki tatu.

Mwezi Agosti Épiphanie alikuwa likizo Bujumbura akimuuguza mama yake. Nilifungua daftari lake nikitafuta tarehe fulani, nikakuta ukurasa ule. Niliusoma nimesimama. Kisha nikatafuta kiti. Chanjo ilikuwepo. Seli zilikuwepo. Kilichoongezeka ni majimaji ya seli T za watoto waliopona tu, na ndani yake, kwa vyovyote vile, mlikuwa na kitu kinachoziambia seli B zinyamaze. Nilirudia jaribio kwa mikono yangu mwenyewe. Vishimo vilibaki vyeupe.

Ningeweza kumpigia simu siku ile. Nilijiambia nisubiri arudi. Aliporudi nilijiambia nisubiri uhakika zaidi, nikampa arudie jaribio mara arobaini bila kumweleza sababu. Kwenye sahani ya tano au ya sita aliinua macho akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Kumbe sasa tunasahau kila siku, Muzee!" Chumba kizima kilicheka. Nami nilicheka.

Makala ilitoka mwaka 2009 ikiwa na jina langu mbele. Mwishoni niliwashukuru "mafundi wetu wa maabara". Sikutaja jina. Barua ya onyo niliiacha mahali pake, na sababu yake ni ya aibu kuliko kosa lenyewe: ningeiondoa ningelazimika kueleza kwa nini, na mtu yeyote mwenye akili angeuliza, basi ugunduzi ni wa nani?

Mwaka huo huo ilikuja nafasi moja ya kwenda kusomea shahada. Épiphanie alikuwa wa kwanza kwenye mtihani. Kamati ikafungua faili, ikaona barua, ikaniuliza mimi, mkuu wake, kama bado ina uzito. Nilisema, "Iacheni ilivyo." Maneno mawili. Nafasi ikaenda kwa wa pili, Jean-Bosco, ambaye leo ni mkurugenzi na ambaye hakujua lolote mpaka nilipompelekea karatasi hizi. Asilaumiwe.

Mwezi Desemba nilistaafu kwa sherehe. Wasifu wangu ulichapishwa katika jarida hili hili, na ulisifu "vishimo vya Mutsinzi", jina ambalo wanafunzi wanalitumia hadi sasa. Aliyeosha na kupanga sahani za maonyesho siku ile ni Épiphanie. Aliniwekea hata glasi ya maji mezani, akijua koo langu hukauka nikizungumza.

Wiki mbili zilizopita alikuja kunitazama nyumbani Kimironko. Alipitia sokoni, akaja na maparachichi na matunda ya damu, yale mekundu yenye mbegu ndogo, akaketi karibu na mtungi wangu wa oksijeni, akaanza kuukaripia kwa kelele zake kama anavyokaripia wanafunzi. Nilimwambia yote niliyoyaandika hapa. Ilinichukua muda kwa sababu ya pumzi. Alimenya tunda moja, akalikata katikati.

"Nilijua tangu siku ile umenipa sahani arobaini," alisema.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningemwambia nani? Wewe ndiye uliyekuwa mkuu. Nilikuwa na ada za shule." Akanipa nusu ya tunda. "Kula, Muzee, usinikodolee macho."

Nikamwambia nitaliandikia jarida la kisayansi waweke jina lake. Alitikisa mkono kama anayefukuza nzi. "Hiyo fanya ukipenda. Wanaoisoma hawanijui. Mimi nataka ile barua. Inasema nilisahau. Miaka kumi na saba nikipita ofisi ya wafanyakazi najua iko ndani ya kabati, inasema nilisahau. Sikusahau miye."

Hakulia. Mimi nililia, na hakunibembeleza, jambo ambalo ninamshukuru.

Nimemwandikia Mkurugenzi barua. Nimeomba ile ya mwaka 2008 isichomwe, kwa maana ikichomwa itakuwa kana kwamba sikuiandika. Ibaki, na juu yake ibanwe barua yangu mpya inayosema kilichotokea, pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari. Nimeomba daraja lake lihesabiwe upya tangu mwaka 2009 kabla ya tarehe 30, si baada. Jarida la kisayansi nimeliandikia pia. Na ninyi mliopo maabara, ambao hamhitaji idhini ya mtu yeyote, nawaomba kuanzia leo mviite vishimo hivyo kwa jina la aliyevilisha.

Kituo kinamshukuru Épiphanie kwa seli zilizolishwa kwa wakati, kwa mafundi aliowalea, na kwa daftari thelathini na mbili ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Mimi namshukuru kwa nusu ya tunda. Sijaomba msamaha hapa hadharani ili asijione amelazimika kuutoa mbele ya watu.

Mama Épiphanie, tunakuombea asubuhi za kunywa chai kabla ya kazi yoyote, wajukuu wanaokusikiliza kuliko tulivyokusikiliza sisi, na Jumamosi za umuganda utakazofagia pamoja na wenzako mtaani. Kila atakayefungua faili lako baada ya leo akute imeandikwa humo kwa mkono wangu: chanjo iliwekwa, daftari liliandikwa, na Épiphanie Gahongayire hakusahau.

Dkt. Aimable Mutsinzi
Mkuu wa maabara ya kingamwili, 1996–2009