Rangi Inakauka

Ndugu zangu, habari za mchana. Mimi huzungumza polepole, kwa hiyo mwenye haraka atangulie kunywa chai. Nikikwama katikati, msinimalizie neno. Nisubirini, litakuja.

Kazi yangu ilikuwa kupaka milango ya chuma ionekane ya mbao. Wengi wenu mnayo nyumbani. Unapaka rangi ya chini, kahawia hafifu. Ikishakauka unapitisha juu yake rangi nyembamba iliyokoza, na ingali mbichi unaivuta kwa kitana cha mpira mpaka mistari ya mti itokee. Mvule, mahogani, upendavyo. Kitana kikiteleza, kosa hilo unaligeuza kuwa jicho, yaani lile duara mahali tawi lilipoota. Lakini lazima uwahi. Nimeifanya kazi hiyo Eldoret, Nakuru, Mombasa na hapa Nairobi, maana sikuwahi kupenda kukaa mahali pamoja. Mpaka leo nikinusa tapentaini nakumbuka barabara.

Siku ile nilikuwa Muthangari, nimefika nusu ya mlango wa mama mmoja, kitana kikaanguka. Nikainama kukiokota, mkono wa kulia ukakataa. Nawaambia ukweli, sikujiogopea mimi. Niliuogopea mlango.

"Fundi, mbona mdomo umeenda upande?" yule mama akauliza.

"Rangi inakauka," nikamjibu.

"Achana na rangi, keti chini!"

"Rangi inakauka."

Kilikuwa kiharusi. Nilipozinduka hospitalini, maneno yote yalikuwa yameniondoka isipokuwa hayo mawili. Ninyi mnaocheka hapo mbele mnajua vizuri ninachosema. Daktari aliniuliza jina langu, nikamwambia rangi inakauka. Mke wangu akanishika shavu, akauliza kama namjua. Namjua! Kichwani nilikuwa nimeshamwita kwa jina lake la nyumbani, lile la utotoni. Mdomoni ikatoka rangi inakauka, naye akageukia ukuta.

Nyumbani kwetu Dagoretti nililala nikiutazama mlango wetu. Niliyepamba milango ya watu, wangu ulikuwa chuma kitupu chenye kutu. Nikitaka maji, rangi inakauka. Nikitaka kwenda haja, rangi inakauka, na mara nyingi mke wangu hakunielewa mapema. Mtu aliyezunguka nchi nzima, sasa nageuzwa kitandani kama chapati. Watu wa kanisa walikuja kuniombea, nikajaribu kuitikia amina, nanyi mnajua kilichotoka. Nikaamua kufunga mdomo kabisa. Mke wangu akawa ananibembeleza, "Afadhali hata uniambie rangi inakauka."

Asubuhi moja akaninywesha uji wa moto mno, maneno yale yakanitoka. Akaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Inakauka wapi, mzee? Nionyeshe! Inakauka wapi?"

Nikadhani sasa amenichoka. Kumbe anauvuta mfuko wangu wa kazi kutoka chini ya kitanda. Akausugua mlango wetu kwa msasa, akaupaka rangi ya chini. Kesho yake akapitisha ya juu, nzito kuliko inavyotakiwa, akanikalisha kwenye kiti mbele ya mlango, akanishikisha kitana kwa mkono wa kushoto na kuufunika kwa wake.

"Haya. Sasa inakauka kweli."

Ndugu zangu, tangu niugue, hiyo ndiyo mara ya kwanza maneno yale kuwa na maana. Tukavuta. Mstari ukaenda kombo, kitana kikateleza, na mdomo wangu ukasema, "Jicho."

Mke wangu akaruka. "Jicho limefanya nini? Rangi imeingia?" Akaanza kunipulizia usoni.

"Jicho," nikasema, nacheka huku machozi yananitoka. Alipoyaona machozi, akakimbilia maji. Aliporudi na bakuli, nilikuwa nimeweka gumba pale tulipoteleza, nimelizungusha, na jicho lipo mlangoni.

Akasimama, maji yanamwagika. "Umesema neno lingine," akasema.

Jirani yetu, mtu wa Mombasa mwenye duka la vitambaa mjini, akapita, akautazama mlango na kuinamisha kichwa upande. "Fundi, mti gani huu? Kwetu pwani hauko."

"Ni wa kwao mzee," mke wangu akamjibu. "Huota ukiwa umelewa."

Sitawadanganya. Mkono wa kulia bado umelala. Kazini sijarudi, na sijui kama nitarudi. Hata kuja hapa Woodley, kwenye mkutano wetu sisi tuliopigwa na kiharusi, nashikwa mkono, na nikimwona mtu ana begi begani anasafiri, roho inaniuma. Maneno yalirudi mojamoja, na mengine bado yanazurura kama nilivyozurura mimi.

Namshukuru yule mama wa Muthangari, aliyeuacha mlango wake nusu na kunikimbiza hospitali. Namshukuru dada anayetufanyisha mazoezi. Nawashukuru ninyi, mnaojua kusubiri. Na kwa mnaouguza, nina hili tu: mgonjwa wako akisema neno lisilo na maana, usimsahihishe. Tafuta mahali ambapo neno hilo ni la kweli, umpeleke hapo.

Mke wangu yuko pale nyuma, amekataa kusimama. Nilitaka kumaliza kwa kumwita lile jina lake la utotoni. Nimelifanyia mazoezi wiki nzima, na sasa hivi limenikimbia. Hapana, msinisaidie, hamlijui.

Mama, rangi inakauka.